Barabara ya kulipia au mabasi na treni: Dar na Pwani ianzie wapi?

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kuona bei ya tenga la nyanya ikipanda na kushuka, na sababu zinazotajwa chini ya jedwali kwa kawaida ni tatu: mvua, bei ya dizeli na msimu wa mavuno. Ipo sababu ya nne ambayo haitajwi kwa kuwa haina risiti. Nayo ni foleni ya barabara ya Morogoro.

Mama mmoja anayeuza nyanya kwa jumla katika soko la Ilala alinieleza hesabu yake hivi karibuni. Mzigo wake hutoka Ilula, mkoani Iringa. Lori likiingia kabla ya alfajiri, nyanya huuzwa kwa bei ya siku kwa wenye magenge, mama lishe na wenye hoteli. Likiingia saa nne asubuhi, wanunuzi wakubwa wamekwisha kuondoka, dalali anaanza kutaja bei yake mwenyewe, na sehemu ya mzigo inashuka daraja na kuitwa masalo. Nyanya ni zile zile na shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni saa.

Hasara yake ya pili haimo kwenye lori. Anao vijana wawili wa kumsaidia kupanga na kupakia, na wote wawili wamehamia Kibaha kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wakichelewa, mama huyo hulipa wapagazi wa pale pale sokoni kwa kazi ambayo tayari ameilipia mshahara. Kwa hiyo barabara moja inamtoza mara mbili, mara ya kwanza kwa mzigo na mara ya pili kwa watu.

Mwisho wa mazungumzo akaniuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalo. Amejiwekea akiba kidogo. Ainunulie kiwanja Kibaha kando ya barabara kuu, au kiwanja Soga karibu na stesheni ya reli mpya, au aachane na ardhi kabisa anunue hatifungani? Nilimwambia nitamjibu gazetini. Hili ndilo jibu, ingawa limekuwa refu kuliko alivyolitaka.

Tuanze na watu. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukawa na 5,383,728. Hilo ni ongezeko la asilimia 23 hivi kwa miaka kumi. Mkoa wa Pwani katika kipindi hicho hicho ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani ongezeko la karibu asilimia 84. Takwimu hizi zisomwe kwa pamoja. Jiji halijaacha kukua, bali limevuka mpaka wake. Watu wanalala Kibaha, Kongowe, Mlandizi, Kisarawe na Mkuranga, lakini duka, ofisi, bandari na soko bado viko Kariakoo, Posta, Kurasini na Ilala. Kila asubuhi umati huo unaingia mjini na jioni unatoka. Hao ndio tunaowajadili, pamoja na malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi ambayo yanapita kwenye lami hiyo hiyo.

Mbele ya serikali na wenye mitaji kuna njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Morogoro kupitia Chalinze, yenye urefu wa kilomita 205, ambayo imepangwa kujengwa kwa ubia wa serikali na sekta binafsi. Kipande cha kwanza, Kibaha hadi Chalinze, ni kilomita 78.9. Ya pili ni kutia nguvu katika usafiri wa umma: mabasi yaendayo haraka ambayo mtandao wake umepangwa kwa awamu sita, na reli ya kisasa, SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Wapo wanaosema vyote viwili vifanyike kwa mpigo. Ni rahisi kusema hivyo kwenye semina. Mkopo hulipwa kwa zamu, na mwenye duka yeyote anajua kwamba bidhaa unayoinunua kwanza ndiyo inayoamua kama utapata fedha ya kununua ya pili.

Hebu tupige hesabu ndogo. Njia moja ya barabara, ikiwa inapitika vizuri bila taa wala gari bovu, hupitisha magari madogo yapatayo 2,000 kwa saa. Magari yetu mengi ya asubuhi yana dereva peke yake, au dereva na mtu mmoja. Tukadirie kwa ukarimu kwamba njia hiyo inapitisha watu 3,000 kwa saa. Sasa chukua njia moja ya basi refu lenye kiungo katikati, linalobeba watu 140 hivi. Basi likipita kila dakika moja, njia hiyo inapitisha watu 8,400 kwa saa. Likipita kila dakika mbili, watu 4,200. Mpaka hapo basi limeshinda bila ubishi, na wataalamu wa semina hufunga daftari wakaenda kunywa chai.

Lakini endelea kupiga hesabu. Basi hilo likipita kila baada ya dakika 15, njia yake inapitisha watu 560 kwa saa. Hapo njia ya zege iliyojengwa kwa mkopo inabeba watu wachache kuliko ile ya kawaida iliyo kando yake, ambayo imejaa magari yaliyosimama. Zege halibebi abiria. Abiria hubebwa na basi, na basi linahitaji dereva, matairi, vipuri na mtu wa kuhesabu nauli kila jioni. Hili ndilo jambo ambalo Dar es Salaam imelilipia kwa gharama kubwa.

Wazee wetu wanalikumbuka. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA. Ilipofika mwaka 1983 mabasi ya UDA yalikuwa yamepungua kiasi kwamba serikali iliruhusu watu binafsi wabebe abiria, nauli ikiwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Ndiyo asili ya jina daladala. Barabara wakati huo zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa ni mabasi.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa mwaka 2007. Mabasi yenyewe yalianza Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla ya kilomita 21 hivi. Yalianza 140. Nauli ya njia kuu ilikuwa Sh. 650 wakati daladala ilitoza Sh. 400, na bado watu walijaa. Somo hilo lisisahaulike na mwenye mtaji yeyote: mfanyakazi wa kawaida wa Dar alikubali kulipa zaidi ya nusu juu ya nauli aliyoizoea ili apate muda. Soko lipo. Halikuhitaji kutangaziwa.

Kilichofuata kinajulikana. Karakana ilijengwa bonde la Jangwani, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni angekueleza kuwa maji hupita, na maji yakapita. Mabasi yaliyoharibika yakawa mengi kuliko yaliyotengenezwa. Mabasi mengine 70 yaliyoagizwa yalikaa muda mrefu bandarini kwa suala la ushuru. Njia ya awamu ya pili, ya Mbagala, iliyogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilipokamilika ilikaa bila mabasi yake, wakazi wa Kilwa Road wakiitazama tu. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 hasira za abiria wa Kimara zililipuka vituoni, ndipo baadhi ya mabasi mapya ya gesi yaliyoletwa kwa ajili ya Mbagala yakapelekwa kwanza Kimara. Mwisho wa mwezi huo huo ghasia za siku ya uchaguzi ziliacha vituo kadhaa vimeharibiwa.

Mtu anaweza kuchukua historia hiyo akasema: basi jengeni barabara, kila mtu ajipeleke mwenyewe. Nimesikia maneno hayo hata kwa watu wasio na gari. Safu hii haina ugomvi na barabara. Upanuzi wa Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 zenye njia nane, uligharamiwa kwa fedha za ndani, zaidi ya Sh. bilioni 140, yaani zaidi ya bilioni 7 kwa kilomita moja. Daraja la Kijazi pale Ubungo na stendi mpya ya mabasi ya mikoani Mbezi Luis vilifunguliwa Februari 2021. Mwenye lori anayekumbuka mataa ya Ubungo ya zamani hatadanganywa kwamba kazi hiyo haikuwa na faida. Ilikuwa nayo, na mzigo unaotoka mikoani umeiona faida hiyo.

Swali ni kwamba faida hiyo hudumu muda gani. Jirani zetu wametangulia, na ni vizuri kuwatazama kwa makini. Barabara ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilikamilika mwaka 2012, ikawa fahari ya Nairobi. Barabara pana ikaita nyumba: Ruiru, Juja na Thika yenyewe zikajaa majumba ya kupangisha. Nyumba zikaita magari. Baada ya miaka michache foleni ikarudi, na serikali ya huko ikaanza kutenga ndani ya barabara hiyo hiyo njia za mabasi ambayo hayajaja. Kenya ilijenga barabara kwanza, na sasa inatafuta mahali pa kulipenyeza basi. Sisi katika barabara ya Morogoro tulifanya kinyume, tukatenga njia ya basi mapema. Kwa hilo tuko mbele yao, ingawa hatujaitumia nafasi hiyo ipasavyo.

Nairobi pia inatufundisha habari ya kulipia. Barabara yao ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27.1, ilianza kutumika Mei 2022. Kampuni ya Kichina iliijenga na itaiendesha kwa miaka 27 ili irudishe fedha zake. Tozo zilifungwa kwa thamani ya dola. Shilingi ya Kenya ilipodhoofika hadi dola ikavuka Sh. 160 mwanzoni mwa mwaka 2024, tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilipandishwa kutoka Sh. 360 hadi Sh. 500 za huko. Aliyekopesha alilindwa, aliyeendesha akalipa. Mwenye matatu akatazama hesabu yake akabaki chini, na abiria wake wakabaki naye.

Sasa tazama kwetu Kigamboni, kwa kuwa sisi pia tuna historia ya tozo. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka NSSF, maana yake ni akiba za wafanyakazi. Wakazi wa Kigamboni walilalamika miaka yote kwamba wao peke yao nchini wanalipia kuvuka kwenda nyumbani kwao. Mwaka 2022 tozo zilipunguzwa. Kwa mwenye bodaboda ilikuwa habari njema, wala sioni kosa katika kumpunguzia. Lakini mwekezaji mdogo aandike pembeni: tozo ya barabara ni bei ya kisiasa. Inaweza kushushwa Bungeni wakati deni lake halijashushwa na mtu yeyote. Kuna njia mbili tu za kumlinda mkopeshaji, kufunga tozo kwa dola kama Nairobi au kumfanya serikali awe mdhamini, na zote mbili mwisho wake hulipwa na wewe, ama kama dereva, ama kama mlipa kodi.

Kuna jambo lingine kuhusu barabara ya Kibaha hadi Morogoro ambalo sijaliona likijadiliwa kwa uzito wake. Tarehe 31 Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, takriban kilomita 90 kutoka Dar es Salaam, pamoja na huduma za mizigo kwa SGR. Lengo ni kwamba makontena yatoke bandarini kwa reli, na malori ya nchi jirani yachukulie mzigo Kwala bila kuingia mjini. Ni mpango mzuri, na kwa mama wa Ilala ni mpango bora kuliko barabara yoyote mpya, kwa sababu kila lori la kontena linalobaki Kwala linaachia nafasi lori la nyanya.

Lakini tafakari. Mwekezaji wa barabara ya kulipia atategemea nani amlipe? Magari madogo ya kwenda Morogoro si mengi kiasi hicho siku za kazi. Anayemtegemea hasa ni mwenye lori. Kwa maneno mengine, mradi mmoja wa serikali unajitahidi kuliondoa lori barabarani, na mradi wa pili unamwomba mwekezaji akopeshe fedha kwa matumaini ya lori lile lile. Reli ikifanikiwa, tozo za barabara zitapungua, hasa kati ya Kibaha na Kwala. Barabara ikifanikiwa, reli ambayo tumeikopea fedha nyingi itakosa mzigo. Mwenye maduka mawili yanayouza sukari ile ile katika mtaa mmoja anaweza kuyaendesha, ila asimwambie mkopeshaji kwamba kila duka litapata wateja wote.

Kwa hiyo maoni ya safu hii ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye kile kilichokwisha kujengwa lakini kinafanya kazi nusu. Njia za mabasi zipo, Kimara na Mbagala. Reli ipo, ina umeme, na inapita Pugu, Soga na Ruvu, penye wakazi wanaoongezeka. Barabara ya njia nane ipo mpaka Kibaha. Ukiongeza mabasi na mafundi katika njia zilizopo, unapata matokeo kabla ya msimu wa nyanya kwisha. Ukianza barabara mpya ya kilomita 78.9, unaanza na fidia, mahakama, na wanasheria wa pande mbili. Na barabara hiyo hata ikikamilika kesho, itamfikisha abiria Kibaha haraka ili akapange foleni kutoka Kibaha kwenda mjini.

Tumewahi kuona jinsi jambo dogo linavyoweza kusaidia. Oktoba 2012, wakati wa Waziri Harrison Mwakyembe, treni za abiria za mjini zilianzishwa kwenye reli za zamani, za TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na za TAZARA hadi Mwakanga. Mabehewa yalikuwa makuukuu, hapakuwa na reli mpya hata mita moja, na watu waliziita kwa jina la waziri mwenyewe. Zilijaa. Nairobi nao walifungua stesheni ya Syokimau mwezi mmoja baadaye kwa wazo lile lile la kumwachisha mtu gari lake nje ya mji. Hakuna miujiza katika wazo hili. Lilihitaji reli iliyopo, ratiba ya kuaminika na nauli ambayo mtu anaweza kuilipa kila siku.

Nauli ndiyo penye kikwazo sasa. Treni ya SGR ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar hadi Pugu ilikuwa Sh. 1,000, Soga Sh. 4,000, Ruvu Sh. 5,000 na Morogoro Sh. 13,000. Kwa msafiri wa Morogoro ni nauli nzuri sana. Kwa kijana wa Ilala anayelala Soga ni jambo jingine: Sh. 8,000 kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, ni Sh. 208,000 kwa mwezi. Afadhali apange chumba Buguruni. Pana haja ya tiketi ya mwezi kwa wafanyakazi, iliyo nafuu, na treni mbili tatu za alfajiri na jioni zinazoishia Ruvu. Mabehewa yanayokaa yakisubiri safari za mbali hayaingizi kitu. Nauli ndogo mara watu wengi kila siku ni biashara ambayo kila mwenye genge anaielewa.

Sisemi haya kama mtu anayeamini kwamba reli na basi haviwezi kufa. Addis Ababa ilifungua treni zake za mjini mwaka 2015, kilomita 34, kwa gharama ya dola milioni 475 hivi, na baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Nauli ilikuwa ndogo mno, na vipuri viliuzwa kwa fedha za kigeni. Basi letu la zege linaugua ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana kabla ya kununua basi moja zaidi, mkataba wa mwendeshaji useme wazi atalipwa kwa kilomita alizotembeza au kwa abiria aliowabeba, nani anashika fedha za tiketi, na anakatwa kiasi gani basi lisipotokea. Waendeshaji wawe zaidi ya mmoja. Wenye daladala wapewe hisa katika njia za kulisha, badala ya kufukuzwa barabarani kisha kuitwa tena siku mabasi yakiharibika.

Je, fedha zitatoka wapi? Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoingia, na hapa nina matumaini kuliko sehemu nyingine zote. Mwishoni mwa mwaka 2024 benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, kwa ajili ya kuwakopesha makandarasi wa barabara za TARURA. Kiwango cha chini kilikuwa Sh. 500,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, kwa miaka mitano, malipo kila baada ya miezi mitatu. Lengo lilikuwa Sh. bilioni 150. Zilipatikana bilioni 323. Wale wanaosema kila mara kwamba nchi haina fedha wazitazame takwimu hizo, na watazame pia kwamba ni fedha za shilingi. Deni la shilingi haliumwi dola ikipanda.

Mwekezaji aelewe lakini alichokinunua. Hatifungani ile haimlipi kutokana na tozo ya barabara yoyote. Inamlipa kwa ahadi ya benki, na benki ndiyo inayobeba mashaka ya mkandarasi na ya mlipaji wake. Ndiyo sababu mama wa Ilala anaweza kulala. Ikija siku akaletewa karatasi inayolipwa kwa mapato ya barabara ya kulipia au kwa nauli za mabasi, karatasi hiyo ni mnyama mwingine kabisa, na riba ya asilimia 12 haitamtosha. Aulize: tozo inapangwa na nani, barabara ya zamani ya bure itaendelea kukarabatiwa au itaachwa ioze ili watu walazimike kulipia, na idadi ya malori iliyokadiriwa imetoa yale ya Kwala? Asiyepata majibu ya maswali hayo kwa maandishi asitoe fedha. Upande wa mabasi aulize kama fedha za tiketi zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya wadai kabla ya kupita katika mikono mingine. Binafsi ningependa kuona hatifungani ya mabasi ya namna hiyo, yenye mabasi yenyewe kama rehani, kuliko ya zege. Basi unaweza kulikamata ukaliuza. Daraja huwezi.

Nirudi kwa mama na akiba yake. Kiwanja cha kando ya barabara kuu Kibaha kinavutia, lakini akumbuke mwaka 2017, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilipobomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo hapo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengi walikuwa wamejenga kwa jasho lao na hawakulipwa fidia. Barabara inayotarajiwa kupanuliwa hula kwanza kile kilicho karibu nayo. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti aende ofisi ya ardhi ya halmashauri na ramani mkononi, kisha aende TANROADS, asimwamini dalali anayepima kwa hatua.

Soga ni tofauti. Stesheni haihami wala haipanuki kwa mita mia na ishirini. Lakini kiwanja cha Soga leo ni matumaini juu ya tiketi ya mwezi ambayo haijatangazwa, na matumaini hayo madalali wa ardhi wameanza kuyauza kwa bei ya kitu kilichokwisha kutokea. Mimi ningengoja ratiba. Siku treni ya saa kumi na moja alfajiri kutoka Ruvu itakapopita mwezi mzima bila kukosa, kwa nauli ambayo vijana wake wawili wanaweza kuilipa, bei ya kiwanja itakuwa imepanda kidogo, na atakuwa amenunua kitu anachokijua. Hadi hapo, sehemu kubwa ya akiba ikae kwenye hatifungani ya shilingi kupitia wakala wa soko la hisa, na iliyobaki ibaki mtaji wa nyanya, ambao kwa hesabu alizonionyesha humzalishia zaidi ya asilimia 12 lori likiwahi.

Nilimpigia simu juzi kumsomea sehemu hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, isipokuwa hawezi kuzungumza zaidi: lori lilikuwa bado Mbezi, na ilikuwa saa tatu na nusu.